Kadi Iliyofia Mfukoni

"Kadi hii ya zawadi imekufa, mzee," alisema keshia, akiirudisha juu ya kaunta.

Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amekwisha kuvaa buti mpya. Vidole vyake, vilivyozoea kuunguzwa na cheche kupitia viatu vilivyotoboka, vilikuwa vimeanza kustarehe. Binti yake alimnunulia kadi ile kwa mshahara wake wa kwanza.

"Imekufa kwa ugonjwa gani?"

"Muda umekwisha. Na usipoitumia, kila mwezi inakatwa ada."

"Ada ya nini? Ya kulala mfukoni mwangu?"

"Ndio utaratibu, baba. Vua viatu, watu wanangoja."

Fundi hakuvua. Nyuma yake mama mmoja alikuwa ameshika kadi mpya yenye utepe mwekundu.

"Dada, hiyo unamnunulia nani?"

"Mwanangu anaolewa."

"Basi muulize huyu itakufa lini."

Mama akamkazia macho keshia. Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Keshia akanyanyua simu kumwita meneja.

"Mwambie aje na kiti, mazungumzo ni marefu," alisema fundi, akiinama kukaza kamba za buti.