Jani Bichi

Mumewe alipiga magoti mlangoni mwa jiko, akamnyooshea Elieshi jani la sale kwa mikono miwili.

Kwa Wachaga, mkosaji akija na sale husamehewa. Kulikataa ni kujitafutia laana. Elieshi aliyajua hayo tangu utotoni. Alijua pia kwamba siku homa ilipomchukua mtoto wao, baba mtu alikuwa kwa hawara yake Ilala, Mchaga mwenzao.

"Mama Aika, nimekosa. Pokea."

Jina la marehemu likamchoma. Wapangaji wote walikuwa wamekwenda mkutanoni Mnazi Mmoja. Uani hapakusikika kitu ila maharage yakitokota. Elieshi akafuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amechoka kuchukia. Alitaka mtu wa kulia naye.

Akalipokea.

Jani lilikuwa bichi. Pale lilipokatwa palikuwa bado na maji, yakamlowesha kidole gumba.

Akalitazama. Sale ni mmea wa kwao mlimani. Kariakoo nzima hajapata kuona hata shina moja, na jani lililosafiri kwa lori kutoka Moshi lingefika limenyauka.

"Umelichuma wapi?"

Mume akainamisha kichwa.

"Nakuuliza, Baba Aika. Umelichuma kwa nani?"

"Ameotesha mlangoni kwake," akajibu kwa sauti ndogo. "Ndiye aliyenikatia. Ndiye aliyeniambia nije."

Maharage yakaanza kuungua. Elieshi hakugeuka. Jani lilikuwa mkononi mwake, na alikuwa amekwisha kulipokea.