Kasuku na Ripoti za Mama Mnana

Ndege walipofungua ofisi ya kusimamia ujenzi wa viota, Kasuku alikabidhiwa filimbi. Kila akiipuliza, fundi aliacha kusuka akashuka kutoa ripoti. Mama Mnana, aliyekuwa karibu kutaga, alishuka mara ishirini asubuhi moja, na kiota hakina hata sakafu.

"Kazi imefika wapi?" Kasuku akauliza.

"Inaendelea vizuri, bosi. Hebu rudia, nijue umenisikia."

"Inaendelea vizuri, bosi!"

"Tena, baba."

Kasuku akanogewa na sauti yake. Akashinda akijiuliza na kujijibu, filimbi hana habari nayo.

Jioni Mama Mnana alitaga katika kiota kilichokamilika, na Kasuku akawaambia wakubwa hajapata kuona fundi mwenye ripoti nyingi kama huyo.