Kidole Kimoja

Mpira uliochepuka kwenye gongo uliuponda mkono wa kulia wa Orville, mdakaji wa timu. Sasa uliumuka kama mkate, na kidole cha shahada pekee ndicho kilichonyooka.

"We babu, mkono umekufa?" kocha alifoka kutoka benchi.

"Mzima, bosi! Tucheze!"

Kando ya kocha, mdakaji wa akiba alikuwa ameshavaa glovu, miguu ikimwasha.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya msimu wa besiboli wa 1952. Alibaki mpigaji mmoja. Wakimtoa, ubingwa ni wao.

Orville alichuchumaa, akaficha mkono kati ya mapaja, mrushaji wake peke yake auone na ajue mpira wa kurusha. Kidole kimoja, mpira wa kasi. Viwili, mpira wa kupinda. Na kwa mpigaji huyu, mpira wa kasi ni uji kwa mgonjwa. Leo ameshaupeleka jukwaani mara mbili.

Alijaribu viwili. Cha pili kikagoma. Jasho likamwingia machoni. Akatupia jicho benchi, kwenye ile glovu mpya.

Mrushaji alikitazama kidole kimoja, akasita. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama alivyomwitikia miaka tisa yote.