Ncha za Buluu

Kila askari alijua desturi ya ghala: risasi yenye ncha nyekundu inaua; yenye ncha ya buluu ni ya mbao, inapiga kelele tu. Bi Mashavu ndiye aliyezipaka rangi. Asubuhi hiyo Kapteni alimletea sanduku la risasi za moto.

“Hizi zipake buluu.”

“Afande, vijana watadhani ni za kutishia tu!”

“Ndivyo ninavyotaka. Jana waligoma kuwapiga risasi watu wa sokoni. Leo hawatagoma.”

Akabaki mlangoni, mkono kwenye bastola, mpaka ya mwisho ikapakwa. Nje umati ulikuwa umeshaanza kuimba. Askari wakapanga foleni dirishani. Wa kwanza, Koplo Shomvi, akakinga kofia.

“Za kelele tena, mama? Afadhali. Mke wangu yumo mle sokoni.”

Kapteni alimkazia macho Bi Mashavu, akiuchunga mdomo wake. Bi Mashavu akachukua risasi moja, akamwekea Shomvi kiganjani badala ya kofiani.

Kiganja kikashuka kidogo. Shomvi akaitazama ile ncha ya buluu, rangi bado mbichi, akaipima uzito tena, na tena, tabasamu likimyeyuka usoni. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa inamsubiri.