Mizoga ya Uvunguni

Mkia ulimkatikia Lorna mkononi. Mbweha mwenyewe akabaki palepale chini ya sakafu ya jikoni, amevimba, anachemka funza.

"Ptuu!" Lorna alitema mate, akatambaa kinyumenyume hadi nje, akatapika kwenye majani. Kisha akajifunga kitambaa puani, akarudi tena uvunguni. Angefanyaje? Nyumba aliitaka.

Aliitaka kuliko kitu chochote. Tangu aolewe, yeye na Darrel waliishi katika chumba cha nyuma kwa mama mkwe wake, Verna, mwanamke aliyehesabu hata vijiko na kuingia chumbani kwao bila kubisha hodi. Sasa serikali ilikuwa inadhamini mikopo ya nyumba kwa watu wa huko nje ya miji, bila kutanguliza hata senti moja. Masharti karibu yote waliyatimiza. Pawe mahali penye watu haba: katika kaunti yao ya Nebraska, ng'ombe waliwazidi watu kwa mbali sana. Kipato kiwe kidogo: mshahara wa Darrel wa kutunza barabara za kaunti na ule wa Lorna wa jikoni shuleni, hata ukiiunganisha, haikumtisha mtu. Lilibaki sharti moja tu. Nyumba iwe ya kukalika na binadamu.

Na nyumba ya marehemu mzee Lindgren ilikuwa imara, ina kisima kizuri na paa zima. Lakini mkaguzi wa mkopo, Bwana Ostrem, alipofika mara ya kwanza aliishia mlangoni, kaziba pua.

"Mama, hapa pananuka maiti," alisema. "Siwezi kuandika kwamba panafaa."

Basi Lorna alimzoa yule mbweha vipande vipande, akamwaga chokaa, akasugua sakafu mpaka kucha zikakatika. Nyumba ikanukia sabuni. Asubuhi ya ukaguzi wa pili, uvundo ulikuwa umerudi, mbaya kuliko ule wa kwanza. Safari hii walikuwa vicheche wawili, mmoja amebapa kama chapati. Bwana Ostrem hata hakushuka garini.

Sasa jamani, wanyama gani hao wanaokuja kufia mahali pamoja kwa zamu? Kuna mtu alikuwa akiwaleta, na Lorna alimjua. Vance Tolley, jirani mwenye ng'ombe, alikuwa akilimezea mate shamba la Lindgren miaka yote. Lorna alimfuata hukohuko zizini.

"Huna haya, Vance? Mtu mzima na ndevu zako, unabeba mizoga!"

Vance alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, mimi pesa ninazo. Nasubiri tu mkaguzi wenu achoke."

Lorna alitamani kumtapikia viatuni.

Jioni Darrel alimkanda mgongo. "Vance ni shetani, mpenzi wangu. Lakini pengine tuache tu. Nyumba zipo, zitapatikana."

"Siachi! Mchafu yule atanijua."

Verna alikuwa amesimama mlangoni, bila hodi kama kawaida yake, anakoroga kahawa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, akajichekea mwenyewe. "Kwani hapa kwangu mnakosa nini?"

Bwana Ostrem alitoa nafasi ya mwisho: Ijumaa, saa nne asubuhi. Akikuta harufu tena, ombi lao linafutwa, na nyumba inakwenda kwa Vance.

Alhamisi Lorna alisafisha mpaka giza likaingia, nyumba ikabaki inang'aa. Ijumaa akaaga kwamba anawahi jikoni shuleni. Hakwenda. Alilificha gari nyuma ya ghala la Lindgren, akatambaa uvunguni, akalala kifudifudi, simu mkononi tayari kumpiga Vance picha. Udongo ulikuwa ungali unatoa ile harufu ya chokaa na uozo, nayo ikamwingia hadi kooni. Akaivumilia. Leo Bwana Ostrem angeiona picha, na kaunti nzima ingemjua Vance ni mtu wa namna gani.

Jua lilikuwa limeshapanda gari liliposimama uani. Hatua zikazunguka nyumba, taratibu, za mtu asiye na wasiwasi. Njoo, nguruwe wewe, Lorna alisema moyoni. Akainua simu.

Kijimlango cha uvunguni kikafunguliwa. Kitu kizito, chenye majimaji, kikatua karibu na uso wake. Uvundo ulimpiga hata machozi yakamziba macho, asione kitu. Nje, mwanamke alikohoa.

"Rudi garini, Mama, usije ukanuka," Darrel alisema kwa upole. "Si nilikuahidi? Hatuhami."