Kifungu cha Nne

Kifungu cha nne Kaimu alikipiga kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kama mtu anayekamua jipu la jirani. Alipofika kwenye nukta alicheka peke yake, kisha akatupa jicho mlangoni asije akawa ameonekana.

Kaimu halikuwa jina lake, ila lilikuwa limeshamganda. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Kaimu Mkuu wa Masjala, chumba cha mafaili chenye dirisha moja na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Hata mafundi bomba waliokuja ofisini walimwita Kaimu. Mama mkwe wake naye alimwita Kaimu, tena mbele za wageni: "Huyu ndiye mkwe wangu, bado hajathibitishwa." Mwenyewe alicheka pamoja nao, maana usipojicheka wewe, watakucheka vibaya zaidi.

Na kichekesho ni kwamba barua zote za vyeo pale ofisini aliziandika yeye. Maneno ya kuwapandisha watu aliyajua kama vidole vyake: mlinzi huajiriwa, mwenyekiti huchaguliwa, hakimu huapishwa, mfalme hutawazwa, mkuu wa idara huteuliwa, kisha huthibitishwa. Ole wako uyachanganye mbele yake. Watu arobaini na ushei walikuwa wamepata ukubwa kwa barua zake, wengine yeye ndiye aliyewafundisha kufunga faili. Mganga hajigangi, alijiambia. Alibakiza miaka sita kustaafu, na alitaka kitu kimoja tu: lile neno litoke mbele ya cheo chake kabla hajaenda nyumbani.

Ofisi ilikuwa na desturi yake. Barua iliandikwa bila jina. Mkurugenzi alijaza jina kwa mkono wake, chini kabisa, akatia sahihi, halafu akaisoma mbele ya wafanyakazi wote. Jina lilisomwa mwisho, ili watu wasikilize kazi kabla hawajaanza kunong'ona. Na barua ikishasomwa, haibadilishwi hata nukta. Kanuni hiyo aliitunga Kaimu mwenyewe, mwaka aliochoshwa na watu wa kuja kulalamika.

Jumatatu Mkurugenzi alimwita.

"Andaa barua ya Mkuu wa Masjala. Jambo hili tulimalize sasa."

"Nafasi kamili, mzee? Si ya kukaimu?"

"Kamili. Vifungu panga wewe, mimi maneno yenu hayo yananichosha."

Kaimu alirudi masjala akipiga mluzi. Nani mwingine, kama si yeye? Akaandika barua tamu kama asali: kiti kipya, likizo ndefu, kuthibitishwa siku hiyo hiyo. Jioni akamwambia mkewe atafute fremu ya kuitundika sebuleni.

Jumanne akaingia Mama Chai, ambaye kila ghorofa aliifikishia chai na habari, na habari ndiyo iliyofika ikiwa moto.

"Umesikia? Bwana Tai kaitwa kwa Mkurugenzi. Katoka anacheka mpaka jino la mwisho, kapewa na mkono. Saa hizi anaomba maboksi, anakusanya vitu vyake."

Bwana Tai alikuwa kijana wa miaka mitatu tu kazini, mwenye tai ya kila siku ya wiki.

"Anahamia wapi?"

"Mimi nitajuaje? Hakusema."

Hakuhitaji kusema. Kaimu alitazama kiti chake, kile chenye mto alioushona mkewe, akaumia moyo, akaumia kweli. Halafu akaichana ile barua tamu vipande vipande na kuanza upya. Kifungu cha kwanza: mteule atafika saa moja kabla ya wenzake. Cha pili: kila Ijumaa atafuta vumbi mafaili yote kwa mkono wake mwenyewe. Cha tatu: hatakwenda likizo mpaka masjala isiwe na kiporo hata kimoja, jambo ambalo halijatokea tangu jengo lile lijengwe. Na cha nne, kile cha kidole kimoja: mteule atakaimu kwanza kwa miaka kumi na mmoja, ndipo athibitishwe.

Na aonje, alisema moyoni.

Jumatano Mkurugenzi alijaza jina bila kusoma kitu, akaifunga barua kwenye bahasha.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Bwana Tai aliketi karibu na mlango, boksi magotini, akitazama saa kila mara. Haraka ya nini, Kaimu alijisemea, kiti hakina miguu ya kukimbilia.

Mkurugenzi akasoma kifungu cha kwanza, watu wakatazamana. Cha pili, wakaanza kucheka. Cha tatu, Kaimu alipiga makofi peke yake, akakohoa kuyafunika. Cha nne Mkurugenzi alikisoma, akakirudia kwa macho, akamtazama Kaimu juu ya miwani.

"Bwana, una hakika na hiki?"

"Mia kwa mia, mzee. Masjala haitaki haraka."

"Hutaki tukiondoe?"

"Tukiondoe kwa nini? Mtu apikwe aive."

"Haya. Wewe ndiye bingwa wa maneno."

Akageuza ukurasa, akalisoma jina.

Hakuna aliyecheka. Bwana Tai alimpungia Kaimu mkono kwa mbali, akabeba boksi lake na kutoka zake nje ya geti. Mama Chai ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia pale alipoketi, viganja vyake vikiwa bado hewani, tayari kwa makofi. Akavishika vyote viwili na kuvitikisa kwa furaha.

"Hongera, Kaimu!"