Cherehani Iliyopinduka

Mshonaji alifika benki kuchukua cherehani yake mpya, kichwa bado kinamzunguka. Benki jirani ingemkopesha fedha kwa riba. Hii ya Kiislamu ilinunua cherehani yenyewe ili imuuzie kwa faida, alipe kidogo kidogo. Jumla ilikuwa ileile, hadi senti ya mwisho.

"Mwanangu, tofauti iko wapi?" alimuuliza karani.

Kabla hajajibiwa, simu ililia. Karani alisikiliza, uso ukamshuka.

"Mama, gari lililobeba cherehani limepinduka. Imevunjika vipande vipande."

Mshonaji alipiga kelele. "Nimekwisha! Nitalipaje deni la vyuma chakavu?"

"Hudaiwi kitu. Tulikuwa hatujakuuzia bado, kwa hiyo hasara ni yetu."

Mshonaji alimkodolea macho, asijue amshukuru au ampe pole.